Hatua Ishirini Mbele ya Basi

Kabla sijasema lolote kuhusu ugonjwa, lazima mjue shangazi yangu anavyokabidhi gari. Shangazi ni fundi breki. Akimaliza kazi hakwambii "tayari, chukua." Anakupa ufunguo wako, anatoka nje ya karakana, anahesabu hatua ishirini kwenye ule mteremko wa kuelekea getini, anakupa mgongo, anakunja mikono, halafu anasema, "Njoo."

Yaani uje na gari. Uje umemwelekea yeye, mwendo wa mtu anayekimbia, ukifika kwenye mstari wa chokaa alioupiga chini, kabla hujamfikia, ukanyage breki. Na yeye hageuki! Hata kope hatikisi, ingawa kope nimeambiwa tu, maana sisi wote tunaonaga mgongo.

Hakuanza kwa kupanga. Alipofungua karakana, miaka kumi na tisa iliyopita, mteja wa kwanza alikuwa bwana mmoja mwenye pikapu. Alilizunguka gari lake mara mbili, akamwangalia shangazi kuanzia kilemba hadi viatu, akauliza, "Sasa mama, wewe mwenyewe ungepanda hili gari?" Shangazi akajibu, "Sipandi. Nitasimama mbele yake." Ilikuwa hasira tu. Lakini neno likishatoka halirudi mdomoni, ikabidi asimame. Pikapu ikatulia, bwana akashuka anatetemeka kuliko yeye, na wiki iliyofuata akawaleta ndugu zake wote. Tangu hapo watu wanamwita Bi Simama.

Kuna wateja waliokataa. Mmoja alishuka akasema moyo wake hautaki. Shangazi akamuuliza, "Kumbe moyo wako unataka kuendesha barabarani kwenye watoto wa watu, ila mbele yangu ndiyo hautaki?" Akapanda tena.

Karakana yenyewe ni banda la mabati. Lina shimo la kushukia chini ya gari, meza ya chuma, na ukuta mmoja wa spana. Huo ukuta ni wa kupigia picha, nawaambia. Kila spana imening'inia kwenye msumari wake, na nyuma yake shangazi amechora umbo lake kwa rangi nyeusi, ili moja ikikosekana uone pengo papo hapo. Upande wa pili wa ukuta kuna Mzee Klachi, fundi wa klachi, ambaye anaongea peke yake na redio yake inaongea peke yake.

Ugonjwa ulianza na kifuniko.

Kifuniko cha chupa ya oili ya breki. Asubuhi moja shangazi akakizungusha kikagoma. Akagonga ukuta, akampelekea Mzee Klachi. "Nifungulie mzee, kimeshikwa na uchafu." Kesho yake tena. Keshokutwa tena. Mzee Klachi alikuja kutusimulia baadaye: "Siku ya nne nikakiangalia vizuri, nikaona hakina uchafu wowote. Nikanyamaza. Mwanamke mwenye spana mkononi humuulizi maswali."

Ikawa kila asubuhi mikono haifungi ngumi mpaka saa nne. Vifundo vya vidole vimevimba, vya moto ukivigusa, kulia na kushoto sawasawa, kama mikono imegawana maumivu. Majirani wakasema baridi yabisi, kisa anaosha mikono kwa petroli halafu anaisuuza kwa maji ya baridi. Akanunua glavu. Akapaka kila dawa ya kuchua iliyowahi kutengenezwa, hadi wateja wakawa wanapiga chafya kabla hawajasalimia. Mwaka na nusu ukapita hivyo, na sisi ndugu zake hatukujua, kwa sababu alihamisha kazi za asubuhi kwenda mchana na kusema siku hizi anapenda kulala.

Aliyegundua ni baba yangu, mdogo wake, dereva wa basi la shule. Ukimkuta fundi ana grisi mikononi hakupi kiganja, si ndiyo? Anakupa kifundo cha mkono, unakishika, mmesalimiana. Sasa siku hiyo shangazi alikuja kwetu nyumbani, ametoka kuoga, amevaa vizuri, na baba alipompa mkono akapewa kifundo.

Baba hakukishika. Alikiacha hewani. "Dada, mikono yako ni misafi."

"Mazoea," shangazi akasema.

"Nipe kiganja."

"Wewe mtoto, unanipa amri kwangu?"

"Hapa ni kwangu, dada. Nipe kiganja."

Akampa. Baba alikishika taratibu sana, kama anashika yai, na shangazi akageuza uso pembeni. Mimi nilikuwa nimekaa pale na simu yangu, nikaizima. Mimi, nizime simu!

Hospitali tulienda watatu. Daktari alikuwa dada kijana tu, miwani mikubwa, sauti ya chini. Alibonyeza vidole kimoja kimoja akauliza, "Asubuhi vinakaza muda gani?"

"Kidogo tu."

"Kidogo ni dakika tano, au ni saa mbili?"

Shangazi akamwangalia baba. Baba akaangalia dari.

"Saa mbili," shangazi akasema. "Na nusu."

Damu ikapimwa, tukarudi baada ya siku chache, na pale ndipo nilipofungua simu niandike kila kitu, maana nilijua nyumbani wataniuliza mimi. Nanakili kama nilivyoandika.

"Mama, hii haikutokana na maji ya baridi," daktari akasema. "Ni kinga yako mwenyewe inashambulia viungo vyako."

"Kinga yangu inanipiga mimi? Nimeikosea nini?"

"Hujaikosea. Iko hivi. Mwilini mna protini zako, zako kabisa. Kwa watu wengine baadhi yake zinabadilika umbo, kipande kidogo tu. Kinga ikipita inaona umbo isilolijua, inasema huyu ni mgeni."

"Kama bolti yangu ikipakwa rangi nyingine, nikaitupa nikidhani ni ya gari la mtu."

"Hivyo hivyo. Halafu chembe za kinga zinaanza kuitana. Zinatumiana kemikali, ndizo simu zao. Moja inatoa kemikali ya kusema njooni, zinazokuja nazo zinatoa za kwao, njooni, njooni. Utando laini wa ndani ya kiungo unavimba, na ukivimba muda mrefu unakula mfupa na kila kilicho jirani."

"Na hakuna wa kusema basi?"

Daktari akaweka kalamu chini. "Wapo. Kuna chembe ambazo kazi yake ni hiyo tu, kuwaambia wenzake tulieni, yameisha, rudini. Kwako zimezidiwa. Zinasema, lakini hazisikiki."

Shangazi akaangalia mikono yake iliyolala mapajani kama mikono ya mtu mwingine aliyomshikia. Kisha akasema, "Kwa hiyo injini nzima, mafuta yapo, gari linakwenda. Breki ndizo hazishiki."

"Unafanya kazi gani, mama?"

Baba alicheka mpaka akakohoa. Baada ya hapo tulikaa muda mrefu bila kucheka tena.

Alipewa vidonge vya njano, vya kumeza siku moja tu kwa wiki, Jumapili, na vingine vya vitamini vya siku nyingine. Damu ipimwe kila mwezi. Daktari alisema mambo mawili, nimeyapigia mstari: vinachukua wiki sita hadi kumi na mbili kuonyesha kazi, na usiviache bila kuniuliza. Nilipiga mstari mimi mwenyewe, kwa kidole changu hiki.

Shangazi akaenda karakana, akapigilia msumari ukutani kati ya spana namba kumi na namba kumi na mbili, akatundika pakiti ya vidonge ndani ya kamfuko, akachora umbo lake kwa rangi nyeusi. Hakutaka mjadala. Vidonge vikawa kifaa cha kazi.

Wiki ya tisa, asubuhi, Mzee Klachi akasikia ukuta unagongwa. Akatoka akidhani ni kifuniko. Akamkuta shangazi mlangoni na chupa ya oili mkono mmoja na kifuniko mkono mwingine, anamwonyesha tu, hasemi kitu. Mzee Klachi akasema, "Haya, sasa unanizuia kazi kwa ajili gani?" Akarudi ndani, na redio ikazimwa kidogo. Tunadhani alikuwa analia, lakini ukimuuliza anakutukana.

Sasa nije kwangu, na hapa naandika taratibu.

Ilipita homa ya kikohozi mtaani kwetu. Shuleni madawati yakaanza kuwa wazi, jirani yetu wa mlango wa pili akalazwa. Mimi usiku na mchana niko kwenye simu, nikasoma kwamba vidonge vya shangazi vinashusha kinga. Ni kweli vinaishusha, hilo si uongo. Ila mimi nilisoma hapo nikasimama. Nikatafuta "namna ya kupandisha kinga", na simu ikaniletea bwana mmoja amevaa koti jeupe, amekaa mbele ya kabati la vitabu, anauza unga wa kopo. Kinga ya simba, alisema. Nikaagiza.

Nilimpelekea karakana. Alifurahi kweli, maana mimi sijawahi kumnunulia kitu. Akaligeuza kopo.

"Hili linafanya nini?"

"Linapandisha kinga, shangazi. Vidonge vyako vinaishusha. Na kikohozi hiki kinaua watu wazima."

"Lakini daktari alisema kinga yangu ndiyo inanipiga."

"Hiyo ni mbaya. Hili linapandisha nzuri."

Niliitunga hapo hapo, nawaapia. Sikuisoma popote. Sentensi ilinijia tu, ikasikika vizuri, nikaisema.

"Na nimwamini nani, daktari au simu?"

"Shangazi, watu laki tatu wamependa."

Jioni baba akaja, akasoma karatasi ya ndani ya pakiti, akasema kweli imeandikwa hapa, inaweza kupunguza uwezo wa kupambana na maambukizi. Naye alikuwa anabeba watoto wanaokohoa kila siku, aliogopa atamletea dada yake. Hakuna aliyempigia daktari. Tulikuwa watu watatu wenye simu tatu. Shangazi akatoa kamfuko ukutani, akakafungia kwenye droo, akasema, "Kikohozi kikiisha nitarudi." Kopo halikuenea kwenye lile umbo la pakiti, akaliweka mezani. Ukutani pakabaki pengo.

Ule unga ulikuwa na nini, hadi leo sijui. Niseme hivyo hivyo.

Kikohozi hakikumpata. Nilijisifu, eti mnaona! Wiki tatu zikapita, mikono bado mizuri kwa nguvu za vidonge vya nyuma. Wiki ya nne vifundo vikavimba tena, yeye akanyamaza. Wiki ya tano Mzee Klachi akagongewa ukuta na kuletewa kifuniko. Alikifungua, akaangalia ukuta wa spana, akaangalia lile pengo, akasema, "Bi Simama, hapa kuna kifaa kimepotea." Shangazi akamwambia arudi kwenye klachi zake. Sababu ya kunyamaza niliijua baadaye: hakutaka mimi nijue kwamba zawadi yangu haikufaa.

Ikafika Jumamosi ya basi.

Basi la baba lina watoto arobaini na wawili, na kila muhula breki zake anafanya shangazi, hakuna mwingine anayeruhusiwa kuligusa. Jumatatu shule inafunguliwa. Mimi nilikuja nikakaa juu ya tairi kuukuu mlangoni na simu yangu. Baba alikaa kwenye usukani kukanyaga pedali, shangazi yuko chini na spana, wanatoa upepo ulioingia kwenye mabomba ya oili ya breki. Ndiyo kazi yao ya pamoja tangu nizaliwe.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga."

"Shika hapo hapo."

"Nimeshika, dada."

"Achia. Kanyaga tena. Mguu mzima, si kama unakanyaga uji!"

Gurudumu la kwanza, la pili, la tatu. La nne, nyuma kushoto, sauti ya kutoka chini ya basi ikapotea. Baba akauliza, "Nimeshika bado, niachie? Dada?"

"Achia," shangazi akasema, lakini polepole.

Akatoka chini ya basi. Akanawa mikono muda mrefu. Mimi nilimwona anaifuta kwa kitambaa, mkono wa kulia ameufunika wote ndani ya kitambaa, sikufikiria kitu. Akampa baba ufunguo kwa mkono wa kushoto. Akatoka nje, akahesabu hatua, nami nikahesabu naye kwa mdomo kama kawaida yangu, kumi na nane, kumi na tisa, ishirini. Akasimama, mgongo kwetu. Akakunja mikono.

Baba akawasha basi.

Tukasubiri "njoo". Basi linanguruma, moshi unatoka, shangazi kasimama. Baba akatoa kichwa dirishani. Shangazi huwa hakawii. Niliona mabega yake yanapanda na kushuka mara moja, kama mtu aliyeweka mzigo chini.

Akageuka. Miaka kumi na tisa hajawahi kugeuka.

Akarudi hatua zote ishirini hadi dirishani kwa baba, akasema, "Zima."

"Kuna nini?"

"Zima gari, mdogo wangu."

Baba akazima. Shangazi akafungua kile kitambaa, akaunyoosha mkono. Vidole vitatu vikanyooka. Viwili, kidole cha pete na cha mwisho, vikabaki vimeinama, vinaning'inia. Akavipa amri, unaona kabisa anavipa amri, havikusikia.

"Nilipokuwa nakaza nati ya mwisho, kitu kimekatika humu kwenye kifundo. Hata hakikuuma sana. Tap, basi. Baada ya hapo sijui kama nati imekaza. Nadhani imekaza. Nimeizungusha. Lakini mkono haukuniambia."

"Si uliizungusha? Basi imekaza, nakujua mimi. Simama tu, dada, nitakuja polepole sana."

"Ukija polepole utakuwa umejaribu nini?"

"Jumatatu watoto wananisubiri saa kumi na mbili asubuhi. Nikikosa siku mbili watampa mtu mwingine basi."

"Wampe."

"Dada!"

"Nisikilize. Kama mimi nashindwa kusimama hapa nje, wao arobaini na wawili wanakaaje humo ndani? Wao hawawezi hata kuruka pembeni."

Baba alishuka, akaingia chini ya basi mwenyewe na tochi. Alipotoka vidole vyake vilikuwa vinang'aa oili ya breki. Nati ya nyuma kushoto ilikuwa inavuja, tone moja, halafu tone jingine. Akamkalisha dada yake juu ya tairi, pale nilipokuwa nimekaa mimi, akachuchumaa mbele yake akaushika ule mkono.

Mimi nikasema. Nilikuwa nimesimama na kopo liko pale mezani linaniangalia. Nikasema kinga nzuri na kinga mbaya niliitunga, sikuisoma. Nikasema daktari alikataza kuviacha na mstari niliupiga mimi. Nililia vibaya sana, kwa makamasi.

Shangazi aliniacha nimalize. Akasema, "Umewahi kuona fundi analetewa gari limekatika breki, yeye akaongeza mafuta?"

"Hapana, shangazi."

"Mimi ndiye huyo fundi. Wewe ulileta kopo tu. Kunywa nimekunywa mwenyewe, na breki ni kazi yangu. Ila hiyo simu yako, siku nyingine ukiona watu laki tatu, uwaulize kama wapo tayari kusimama mbele."

Baba aliipigia shule simu, akawaambia basi halitoki. Jumatatu na Jumanne watoto walitembea. Nilitembea nao wale wa upande wetu, sikuambiwa na mtu.

Daktari hakutufokea, na kusema kweli ingekuwa rahisi kama angefoka. Aliangalia picha ya mifupa, akatuonyesha pembe zilizoliwa, kama panya ameonja mkate. Akaeleza kwamba ule utando ulivyovimba kwenye kifundo, kano za vile vidole viwili zilikuwa zinasuguliwa kati ya uvimbe na mfupa wenye ncha, kila siku kidogo, mpaka zikakatika. Baba akauliza kama ni hizi wiki tano. Daktari akasema, "Kuna mwaka na nusu kabla hamjaja, na kuna wiki tano. Siwezi kukuambia kipi kililiwa lini." Hiyo sentensi naijua kwa moyo. Wakati mwingine inanisaidia, wakati mwingine hapana.

"Kuhusu kikohozi mlikuwa na haki ya kuogopa," akaendelea. "Kuna chanjo, na ukipata homa kuna wakati tunasimamisha dozi. Mimi nakuambia lini. Mnipigie."

Upasuaji wa kuunganisha kano upo, foleni yake ni ndefu. Vidonge vikarudi msumarini. Shangazi akapitisha tena rangi nyeusi kwenye lile umbo, maana ilikuwa imeanza kufifia.

Kuhusu basi, alimwita Mzee Klachi.

"Utakaza wewe," akamwambia. "Mimi nitaangalia."

"Mimi ni wa klachi."

"Nati haijui hilo."

Walifanya kazi siku nzima ya Jumanne, nami nilipotoka shule niliwakuta wanagombana kama mtu na mkwewe. Mzee Klachi anakaza, shangazi amelala pembeni yake na tochi, hamwamini hata kidogo. Mwisho akatoa kitu ambacho hajawahi kuhitaji kabla: karatasi nyeupe laini. Akavingirisha kipande kwenye kila nati, kwa vidole vitatu vya kulia na mkono wa kushoto, ilimchukua muda hadi nikatamani kumsaidia, baba akanikonyeza nikae. Baba akakanyaga pedali na kuishikilia, tukahesabu hadi mia tatu. Kisha shangazi akazifungua karatasi moja moja, akaziinua kwenye mwanga wa mlango. Kavu. Kavu. Kavu. Ya nyuma kushoto aliishikilia kuliko zote. Kavu.

Alitoka nje. Alipofika hatua ya tano akageuka. "Mzee, unabaki wapi?"

"Mimi?"

"Aliyekaza anasimama."

"Bi Simama, mimi nina wajukuu!"

"Hata hao wa ndani ya basi ni wajukuu wa mtu."

Mzee Klachi aliangalia mbingu, akaangalia geti, akaangalia kama kuna mteja yeyote anamwita. Hapakuwa na mtu. Akaenda. Mimi nilipanda kwenye basi nikakaa kiti cha mbele, kile cha mtoto mdogo kuliko wote, kwa sababu nilitaka kuona wanachoona wao. Nikaona migongo miwili. Mmoja unatikisika na kunong'ona dua kwa sauti kubwa, mwingine umenyooka. Mikono safari hii hakuikunja. Vile vidole viwili vilikuwa vinaning'inia pembeni ya gauni lake la kazi.

"Njoo," akasema.

Baba akaja. Mwendo kamili, hakupunguza, nilimwona taya zake. Mstari wa chokaa ukapita chini yetu, akakanyaga, nikarushwa mbele nikashika chuma, na basi likasimama.

Mzee Klachi akasema, "Nipo?"

Shangazi hakumjibu. Alirudisha mkono wake wa kulia nyuma bila kugeuka, akapapasa hewa, akalipata bampa. Akaweka vile vidole vilivyokataa kunyooka juu ya bati, akavipeleka hadi mgongoni kwake, anapima.

"Shubiri tatu," akasema. "Muhula uliopita lilisimama kwenye tano. Kwa mlio wake, nyuma kulia hapajashika vizuri. Rudisha ndani, tunaangalia tena."

"Mama yangu!" Mzee Klachi akalia. "Yaani nitasimama tena?"

"Utasimama mpaka zifike tano," shangazi akasema, akalipita basi, akaanza kupanda mteremko kurudi karakana, na sisi nyuma yake, basi linarudi kinyumenyume taratibu.